Mkate Mmoja Usio na Habasoda

Dada yangu Badra aliuza kubaneh, mkate wetu Wayahudi wa Yemen wa siku ya Sabato, kwa miaka kumi na moja katika soko la Rehovot, Israeli, hatua chache kutoka kwenye meza yangu ya kotimiri na uwatu, na kwa miaka yote hiyo mimi sikuonja hata chembe. Nilikuwa nimeweka nadhiri. Naanza na hilo kwa sababu watu wa sokoni wamelisimulia kila mmoja na chumvi yake, na wapo wanaodai tuligombania nyumba ya mama. Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili na paa linalovuja, nani angeitaka?

Tuligombania mkate.

Badra alizaliwa kambi ya wahamiaji, ndani ya hema, wakati wa mvua, mwaka mmoja baada ya wazazi wetu kushuka kwenye ndege kutoka Yemen. Mimi nilizaliwa miaka minne baadaye, tukiwa tayari tumepata kuta, mtaani Sha'arayim. Mama alikuwa akiondoka alfajiri kwenda kusafisha nyumba za watu, kwa hiyo aliyenilea ni Badra. Nilikuwa mtoto msumbufu, wa kuchaguachagua chakula: hiki sikitaki, kile kina wadudu. Mama angenizaba kibao. Badra alinivumilia, akanibembeleza, na tonge likaingia.

Akiwa na miaka tisa alikuwa akisimama juu ya kopo la jibini lililopinduliwa ili afikie beseni la unga. Naikumbuka mikono ile kuliko ninavyoukumbuka uso wake. Alikata donge, akalitandaza kwa kiganja kilichopakwa samli mpaka ukaweza kuona meza kwa upande wa pili, akalikunja, akaliviringisha. Mikate saba ilisimama wima ikibanana ndani ya sufuria moja, habasoda ikinyunyizwa juu, mayai mabichi pembeni, na kifuniko kikafungwa kwa waya. Siku ya Sabato hatuwashi moto, kwa hiyo sufuria iliwekwa jikoni Ijumaa kabla ya jua kuzama, moto mdogo kabisa, na asubuhi baba akirudi kutoka sinagogi waya ulifunguliwa. Harufu ile ilikuwa inatoka nje na kupiga kona.

Alipofika miaka kumi na minne aliacha shule akaenda kiwanda cha kufungasha machungwa. Mimi nilibaki darasani kwa mshahara wake, ingawa sikujifunza kitu cha maana. Aliolewa na Zekharya, dereva wa trekta, mtu wa maneno matano kwa siku. Wakapata binti mmoja tu, Hadas. Zekharya akafa mapema. Badra akaendelea na machungwa mpaka kiwanda kikafungwa, akarudi nyumbani na kiuno kibovu na vidole vyenye harufu ya maganda isiyotoka. Sikumbuki kumsikia akilalamika. Mimi ndiye mlalamikaji wa ukoo.

Kisha mama akafariki.

Siku ya tano ya matanga tulikuwa tumekaa chini sakafuni, kama ilivyo desturi, na nyumba imejaa majirani. Badra akasema, kama mtu anayesema tu, "Nitachukua meza sokoni. Kila Ijumaa nitauza kubaneh ya mama."

"Utauza nini?" nikamuuliza.

"Umesikia."

"Mkate wa Sabato uuzwe kama karanga?"

"Kwani wewe unaonaje, watu wa Ijumaa hawana matumbo?"

"Mama hajamaliza wiki kaburini, wewe umeshamtia kwenye mfuko wa nailoni!"

Akanigeukia. Alikuwa amechoka, macho mekundu, na sasa najua kwamba alikuwa akitafuta namna ya kubaki na mama, kwa njia pekee aliyoifahamu. Wakati ule sikujua, au sikutaka kujua. Akasema, "Na wewe Yefet, mama ulikuwa unamletea nini? Kotimiri? Tena ile iliyokunyaukia mezani?"

Watu wakacheka. Hata matangani watu hucheka, na utani wenyewe ulikuwa mzuri, nakiri. Lakini kicheko kile kiliniingia mbavuni. Nikasimama, mwanamume mzima wa miaka karibu sitini, nikanyoosha kidole: "Naweka nadhiri mbele ya hawa wote. Mkate uliotoka mkononi mwako sitautia kinywani mwangu."

Majirani wakashusha vikombe vya chai. Ni lazima niseme kidogo hapa. Baba yetu hakuweza kusema "kesho nitakuja" bila kuongeza "bila nadhiri". Nitanunua viatu, bila nadhiri. Nitakunywa chai, bila nadhiri. Kwetu neno hilo ni kama kisu kisicho na ala. Hulitaji ila kwa kulikana. Na mimi nimelitoa wazi, matangani, juu ya dada yangu.

Badra hakulia. Alisema tu, "Haya, bwana. Kaa chini, umesimama juu ya shuka ya mama."

Watu husema majuto ni mjukuu. Yangu yalizaliwa siku ileile, kabla sijakaa tena sakafuni. Hilo sikumwambia mtu yeyote kwa miaka kumi na moja.

Wala msidhani tulinuniana. Laiti tungenuniana, mnuno huchosha, watu hupatana. Sisi tuliongea kila siku. Meza yake ya Ijumaa ilikuwa mkabala na yangu, kijia cha sokoni katikati, na tulirushiana maneno juu ya vichwa vya wateja.

"Yefet, uwatu wako leo una mchanga!"

"Mchanga umo machoni mwako! Nunua kwa mwingine!"

Hakununua kwa mwingine. Uwatu aliokuwa anaupiga mpaka ukatoa povu jeupe, ule waliochovyea mkate wateja wake, ulikuwa wangu. Kotimiri ya pilipili yake ilikuwa yangu. Hadas alikuja kuchukua kila Alhamisi. Nadhiri yangu ilikuwa ya mkate tu, na mimi ni mtu wa sheria. Kwa hiyo kila Ijumaa asubuhi niliwatazama watu wa kila aina, wanajeshi wanaorudi likizo, wanawake wa Kirusi, walimu, wakisimama mbele ya meza ya dada yangu na kipande cha kubaneh mkononi, samli ikiwatiririkia kwenye kifundo cha mkono, wakifumba macho. Wengine walinigeukia. "Bwana wa kotimiri, umeonja hii?"

"Sina njaa," nilikuwa najibu.

Na kulikuwa na ule mkate mtupu. Badra alifika na sufuria zake zimefungwa mablanketi, akafungua waya, akapindua mikate kwenye sinia. Yote imejaa habasoda juu, isipokuwa mmoja. Kila Ijumaa mmoja. Aliuweka peke yake kwenye kisahani cha buluu, kwenye ukingo wa meza, upande wa kwangu. Mteja akiunyooshea mkono alimzuia.

"Huo una mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Atakuja."

Mimi nilidhani ni wa mzee fulani asiye na meno, mbegu zinamsumbua. Siku moja nilimpigia kelele: "Badra! Habasoda imepanda bei siku hizi? Hata mkate mmoja umekosa?" Soko likacheka. Nilijisikia vizuri, nimelipiza ile kotimiri ya matangani.

Badra alinitazama. "Uza majani yako, Yefet," akasema. Tulipokuwa tunafunga meza kabla ya Sabato nilimwona ameketi kwenye kreti, anaula yeye mwenyewe, polepole, akitazama upande mwingine. Hata hapo sikuelewa. Nilijiambia, kumbe wa kwake.

Mtu atauliza: nadhiri haifunguki? Inafunguka, tena kwa urahisi wa kuaibisha. Huhitaji hata rabi. Watu watatu wa kawaida wanakaa kama waamuzi, wewe unasimama mbele yao, unaitaja nadhiri yako, unasema unaijuta, wanakufungua. Kila mwaka, asubuhi ya kuamkia Mwaka Mpya wetu wa Kiyahudi, wanaume wote wa sinagogi yetu wanafanya hivyo kwa zamu baada ya sala, watatu wameketi, mmoja amesimama anasoma maneno kitabuni mbio mbio, kisha wanabadilishana. Nadhiri zote, viapo vyote, nilivyovijua na nisivyovijua. Dakika tatu, na chai inangoja.

Lakini sheria ina jino. Nadhiri unayoikumbuka haifutwi na maneno ya jumla. Lazima uitaje kwa kinywa chako, waziwazi, wakusikie. Na mimi nilisimama mara kumi na moja mbele ya wanaume walewale, wauzaji wenzangu, nikasoma maneno ya jumla mbio mbio, nikafika pale pa kutaja, nikapapita. Ningesemaje? Kwamba nilikasirishwa na utani wa kotimiri? Kwamba nautamani mkate wa dada yangu kama mtoto? Kila mwaka nilisema, mwakani. Na kila mwaka nilipotoka nje nilimkuta Badra amesimama mlango wa wanawake, anafunga kitambaa, ananitazama kama mtu anayetaka kuuliza matokeo ya mtihani. Nilimtakia mwaka mwema. Naye akanitakia.

Majira ya baridi yaliyopita, Jumanne, kiharusi kilimpiga akiwa anafua. Mkono wa kulia ukafa, na maneno mengi yakaenda nao. Nilikaa naye hospitali. Nilimlisha uji kwa kijiko, mimi niliyekataa kulishwa naye, na alikuwa ananitazama kwa jicho moja lililofunguka zaidi ya jingine. Nilitaka kumwambia. Muuguzi akaingia, nikazungumzia mvua.

Baada ya Pasaka Hadas akairudisha meza. Mkate sasa anaukanda yeye, na Badra anakaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kulia mapajani. Ijumaa ya kwanza nilitazama sinia. Mikate yote ilikuwa na habasoda. Kisahani cha buluu hakikuwepo. Sikujua kwa nini kutokukiona kulinifanya nikose raha siku nzima. Mkate wa Hadas nadhiri haikuukataza, lakini kuula bila kufunguliwa kungekuwa kumkwepa Badra kwa mlango wa nyuma.

Ijumaa iliyofuata, kabla wateja hawajajaa, niliacha meza yangu nikaenda kwa Gamliel, muuza samaki, tuliyesoma naye.

"Gamliel, nahitaji watu watatu."

"Unahama nyumba?"

"Kufungua nadhiri."

Akaweka kisu chini. Hakuuliza nadhiri gani. Soko zima linaijua. Akamwita Pinhas wa mizeituni, ambaye ujanani alisomea urabi mpaka baba yake alipokosa fedha, na Uzi mchonga funguo.

"Kufungua?" Uzi akasema. "Si mngeniita miaka kumi iliyopita, ndiyo kazi yangu hii."

"Kaa chini na unyamaze," Pinhas akamwambia. "Mwamuzi hakai kimzahamzaha."

Wakakaa juu ya kreti za samaki, wote watatu, mapaja kwa mapaja, mmoja na magamba kwenye aproni. Nikasimama mbele yao. Nikaitaja. Niliitaja yote, neno kwa neno, pamoja na utani wa kotimiri, na hakuna aliyecheka.

Gamliel akauliza kwa sauti ya upole, "Yefet, kama siku ile ungejua kwamba mkono wa Badra utakuja kupooza, ungeweka nadhiri?"

"Hapana," nikasema.

"Hiyo haifai," Pinhas akaingilia.

"Haifai nini?"

"Huwezi kumfungua kwa jambo lililozuka baadaye. Sheria haikubali. Siku ile mkono ulikuwa mzima. Lazima ajutie kitu kilichokuwepo siku ile." Akanigeukia. "Siku ile, Yefet, kulikuwa na nini? Ukifikiria vizuri."

Nilifikiria. Niliwaona wale wa matangani wameketi, nikamwona Badra na macho yake mekundu, na miguu yangu juu ya shuka ya mama.

"Nilijuta hapohapo," nikasema. "Kabla sijakaa. Nilimwona amefiwa na mama, na nikamnyang'anya na mdogo wake. Nilijua. Nilikuwa najua tangu siku ile."

Gamliel akafuta macho kwa mkono wenye chumvi ya samaki, akajiumiza, akatukana. Kisha wakatamka pamoja, mara tatu kama inavyotakiwa: "Umeruhusiwa. Umesamehewa. Umefunguliwa."

"Ndiyo hivyo tu?" Uzi akauliza. "Miaka kumi na moja?"

Nikavuka kijia.

Hadas aliniona nikija akadhani naleta uwatu. "Mjomba, tunao wa kutosha."

"Nipe mkate."

Akasimama na koleo mkononi. "Mjomba, na nadhiri?"

"Imefunguliwa sasa hivi. Waulize wale pale wananuka samaki."

Nikaenda bombani, kwenye kona, kuna kikombe cha vishikio viwili kwa ajili ya kunawia. Nikanawa, mara mbili kulia, mara mbili kushoto. Na sisi ukishanawa kwa ajili ya mkate huongei, mpaka umeubariki na kuumega. Hata neno moja. Kwa hiyo niliporudi kwenye meza nilikuwa bubu, maji yananidondoka kwenye vidole, na nilikuta Hadas ameweka mkate wangu kwenye kisahani na Badra amekivuta kisahani kile mapajani mwake.

Alikuwa anadokoa habasoda.

Kwa mkono wa kushoto, usiozoea, kucha zinateleza juu ya gamba lenye samli. Mbegu moja, nyingine. Anazipangusa kwenye aproni. Nyingine.

"Mama, unafanya nini? Mpe mjomba ale," Hadas akasema. Wateja wawili walikuwa wanangoja. Badra hakuinua kichwa. "Mama, mkono wako… Mjomba, samahani, siku hizi ana mambo yake. Lakini kweli, zamani kila Ijumaa alikuwa anatengeneza mmoja bila habasoda. Alinikataza kuunyunyizia. Nilimuuliza ni wa nani, alikuwa anasema una mwenyewe, haipendi, anadhani…" Hadas akakunja uso, anakumbuka. "Anadhani ni sisimizi."

Sisimizi. Ndiyo. Nina miaka minne, mitano, nimekaa sakafuni napiga miguu, mkate una sisimizi, siutaki. Na msichana ameshuka kwenye kopo la jibini anadokoa sisimizi mmoja mmoja, anasema, huyu ameenda, na huyu ameenda, haya kula.

Hadas aliziba mdomo kwa mkono wenye koleo. Alikuwa ameelewa naye, na akanitazama, na mimi sikuweza kusema lolote. Midomo yangu ilikuwa imefungwa na sheria tena, na safari hii sijui kama ningeitaka ifunguliwe. Nilisimama pale mikono imelowa. Wateja wakangoja. Mmoja alitaka kulalamika, Gamliel kutoka ng'ambo akamfokea, "We bwana, una treni?"

Alichukua muda mrefu. Ilibaki mbegu moja katikati, kwenye mkunjo, aliikosa mara tatu, akaipata. Akauinua mkate kwa mkono ule wa kushoto, akaninyooshea.

"Yefe," akasema. Ndicho alichoweza.

Nikaupokea mkononi mwake. Nikabariki, nikachovya chumvi, nikala.

Ulikuwa mkate mzuri. Laini ndani, umeiva rangi ya asali, samli imeingia kila mkunjo. Nilimwambia Hadas hivyo, na ni kweli, ana mkono mzuri. Lakini ulikuwa mkate wa Hadas. Wa Badra ulipita mbele ya macho yangu kila Ijumaa kwenye kisahani cha buluu, na ladha yake nimeshaisahau, na hakuna tena mtu duniani wa kunionjesha. Nililia mbele ya soko zima, mkate mdomoni, kama mtoto yule.

Sasa kila Ijumaa naenda. Hadas alitaka kuniachia mmoja mtupu, nikamwomba anyunyizie kama ilivyo mingine. Nanawa, nanyamaza, nasimama mbele ya kiti cha plastiki, na Badra anadokoa mpaka amalize.

Mimi nakula habasoda tangu nilipokuwa jeshini. Naipenda, naweka hata kwenye jibini nyumbani. Sijamwambia.